Tawi Tuliloogopa Kuliinua

Wiki iliyopita kijana mmoja wa jirani yangu alinijia barazani na viatu vyake vipya vya kupandia milima mkononi, vile vyenye meno chini, akaniamkia, kisha akauliza: "Mzee, eti vilima vya Kisarawe sasa hivi vinapandika? Tuna kundi letu, tunataka kwenda Jumamosi, ila mvua za mwaka huu hatuzielewi." Nikamwambia asubiri kidogo. Mimi nimeacha kupanda vilima siku nyingi, lakini namjua mtu mmoja ambaye angeweza kumweleza hali ya njia ile bila kutoka nje ya nyumba yake, kwa kuambiwa tu mvua imenyesha siku ngapi na imenyesha vipi. Namba niliyokuwa nayo ni ya binti yake wa Kibaha, na nakiri mbele yenu wasomaji wangu kwamba sikuwa nimeipiga tangu sikukuu ya mwaka juzi. Binti akapokea. Nikaanza na utani wangu wa siku zote: "Hebu mpe simu mtu wa njia, kuna wageni hapa wanataka ruhusa yake." Akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo mara nyingi: "Baba mdogo, baba tumemzika juzi. Tulikutafuta, namba yako haikupatikana." Nikamwambia yule kijana safari yao waiahirishe. Akaniangalia usoni, akaondoka bila kuuliza zaidi.

Hakuwa mtu wa magazetini. Hakushika cheo kikubwa, hakupigiwa makofi jukwaani, na sidhani kama aliacha picha nyingine zaidi ya ile ya kitambulisho. Lakini kwa masika mengi hakuna aliyevuka vilima vile kwa mguu bila idhini yake. Miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa mimi nilikuwa mwalimu kijana, ndevu hazijakamilika, nikapangiwa shule ya kijiji kimoja kilichokuwa nyuma ya vilima. Kijiji kilipangwa vizuri sana kwenye karatasi: nyumba kwa mistari, shule, ghala, uwanja wa mikutano. Aliyekipanga, nadhani, alikuja kiangazi. Mashariki tulikuwa na mlima wenye msitu, na njia ya mguu iliyopanda na kushuka mpaka Kisarawe mjini, kwenye hospitali, maduka na mabasi. Kaskazini tulikuwa na bonde lenye kijito, na ng'ambo ya kijito ndiyo njia ya kwenda Kibaha. Kiangazi kijito kile hakikulowesha hata vifundo vya miguu. Masika kiligeuka mto wa kumeza ng'ombe. Kwa hiyo mvua zikishaanza tulibaki na mlango mmoja tu, wa mlimani, na huo nao ukifungwa tulikuwa kuku ndani ya tenga.

Msije mkavidharau vilima vya Kisarawe kwa kuwa si virefu. Urefu wa mlima si kitu. Kitu ni udongo wake. Njia yetu ilikuwa na mchanga mwekundu juu, na chini ya mchanga ule kuna udongo mweupe wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha siku mbili tatu mfululizo, maji hupenya mchanga, yakifika kwenye weupe yanakwama, na hapo mchanga wote wa juu unakaa tayari kuondoka na yeyote atakayeukanyaga. Kwa macho huoni kitu. Njia ni ile ile, majani ni yale yale, na jua likichomoza unaweza kuapa kwamba pamekauka. Karibu na kilele kulikuwa na mteremko tuliouita Toba, kwa sababu kila aliyeshuka pale alitubu, Mwislamu kwa maneno yake na Mkristo kwa yake. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo ambalo chini yake ulisikia maji usiyoyaona.

Marehemu ndiye aliyeujua udongo ule. Alikuwa amenizidi miaka kama minane. Nilimwita kaka, yeye akiniita mwalimu. Alikuwa mwembamba, mrefu, wa maneno machache, makatambuga ya tairi miguuni na fimbo ndefu iliyochongwa ncha mkononi. Kila siku ya masika, baada ya swala ya alfajiri, alipanda peke yake kabla ya mtu yeyote, akichoma fimbo ardhini sehemu alizozijua na kuitazama ncha yake ikitoka. Ikitoka na wekundu mtupu, njia nzuri. Ikitoka na weupe mkavu unaopukutika, pita, ila tazama unapokanyaga. Ikitoka na weupe unaovutika kama mlenda, hapo njia haipitiki, naye aliifunga. Kufunga kwenyewe kulikuwa hivi: alikata tawi bichi lenye majani, akalilaza katikati ya njia pale inapoingia msituni. Hapakuwa na kamba, wala lango, wala mgambo. Lilikuwa tawi la majani tu, na watu walirudi nyumbani kwao.

Lakini mwanzoni si wote waliorudi. Masika yangu ya kwanza pale alikuja mchuuzi wa sufuria, baiskeli imejaa bidhaa mpaka juu, akakuta tawi. Wanakijiji wakamwambia asubiri. Akacheka. "Mimi nimevuka milima ya Uluguru," alisema, "leo nizuiwe na majani ya mbuzi?" Akaipandisha baiskeli juu ya tawi, akaenda zake. Karibu na adhuhuri tulisikia sufuria kabla ya kumsikia mtu; zilikuwa zikishuka korongoni moja moja, kila moja na mlio wake. Marehemu alijifunga kamba kiunoni, wanaume sita tukashika ncha ya pili, akateremka. Alipanda na mchuuzi mgongoni, mguu umevunjika, uso umejaa matope na machozi. Nilitegemea amkemee. Alimketisha, akamfuta uso kwa kanzu yake mwenyewe, akamwambia kwa upole, "Ndugu yangu, sufuria zako tutazitafuta kiangazi." Na kweli walizitafuta.

Baada ya tukio lile kamati ya kijiji ilikaa. Mimi kama mwalimu nilikuwa katibu, maana kila penye kalamu mwalimu alikamatwa. Tukapitisha, na niliiandika mimi kwa fahari kubwa, kwamba tawi likishalazwa hakuna ruhusa kwa mtu yeyote kuliinua isipokuwa yule aliyelilaza. Nililisoma azimio kwa sauti, watu wakaitikia. Marehemu peke yake ndiye aliyenyoosha mkono. "Mwalimu, na mimi nikiugua?" Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti, mtu mnene mwenye sauti ya ngoma, akamjibu, "Wewe uugue vipi? Wewe ndiye mlima wenyewe!" Tukacheka tena, na kikao kikafungwa kwa sala.

Sasa niwaambie jambo ambalo wengi pale hawakupenda kulikumbuka. Mke wa mtu huyu hakuwa kijijini. Alikuwa mpishi wa shule moja kule Kibaha, kazi aliyoipata kabla ya watu kuhamishwa, na watoto wao watatu walikaa naye wakisoma hukohuko. Mume alihesabiwa kijijini kwa sababu shamba la baba yake lilikuwa upande ule. Tangu siku ya kwanza alikuwa akiomba jambo moja tu, ruhusa ya kijiji ahamie Kibaha kwa mkewe. Miaka ile hukuondoka hivihivi. Bila barua ya kijiji, huko uendako hukuajiriwa wala hukupewa mahali pa kukaa. Akiomba mwezi wa pili, kamati ilimwambia asubiri masika yaishe. Masika yakiisha akaambiwa sasa ni wakati wa shamba la kijiji. Shamba likiisha, vuli hiyo imefika, njia nayo itaharibika, nani atatuangalizia? Ruhusa yake iliahirishwa kwa heshima kubwa. Hakuna aliyewahi kumnyima kwa ukali. Walimnyima wakimpigapiga begani.

Mwishowe akapata wazo la kufundisha mtu wa pili, akanichagua mimi. Masika mazima nilipanda naye alfajiri, nikiteleza, nikiumwa na siafu, nikijifunza kuchoma fimbo na kuitazama ncha. Hakuwa mwalimu wa maneno mengi. "Usiisikilize njia," aliniambia, "njia inajipamba. Sikiliza fimbo." Mvua zilipokaribia kwisha alinituma nipande peke yangu nimletee jibu, kisha akapanda yeye kuhakiki, na jibu lilikuwa lile lile. Alinishika mkono pale Toba, akaniambia, "Haya, sasa tuko wawili." Sijawahi kumwona amefurahi vile. Mimi nilitabasamu, lakini moyoni nilipata baridi, na sababu yake nitaisema.

Masika yaliyofuata mvua ilinyesha siku tatu bila kupumua. Ijumaa asubuhi alifunga njia. Mchana akaja akaniita nje ya darasa, nguo zimelowa, macho yanang'aa. "Mwalimu, mimi navuka kijito sasa hivi, maji bado yako kiunoni. Mama watoto amenipatia kazi kwenye bustani ya miche, na chumba wanatoa. Jumatatu niripoti. Nikiomba ruhusa hapa, wataniambia nisubiri masika."

"Na njia, kaka?"

"Njia unaijua. Tawi nimelilaza leo. Mvua ikikatika, siku ya pili panda na fimbo. Ikitoka kavu, liinue, waambie watu wapite. Azimio linasema aliyelilaza ndiye aliinue. Basi mimi niliyelilaza nimekupa wewe." Akanikabidhi fimbo yake. "Nikishaanza kazi nitawaandikia rasmi. Mtu akishakuwa kazini si rahisi kumrudisha."

Nikamwambia sawa, kaka, nenda salama. Nikarudi darasani, nikaendelea na hesabu za mafungu.

Mvua ilikatika Jumamosi jioni. Jumapili jua likawaka. Jumatatu likawaka zaidi. Kijijini kila mtu alikwisha kujua kwamba mtu wa njia hayupo, na kila mtu aliyetaka kwenda mjini alifika pale chini ya mlima, akalitazama tawi, akarudi. Kijito nacho, kwa mvua za huko juu, kilikuwa kimefika shingoni na kinazidi kupiga kelele. Duka la kijiji likaishiwa chumvi, kisha mafuta ya taa, kisha viberiti, ikawa tunaombana moto nyumba kwa nyumba. Muhogo ulikuwepo, lakini muhogo bila chumvi siku ya nne unaukasirikia. Watu wakaanza kugombana kwa vitu vidogo. Mlima ulikuwa umesimama pale, mkavu, mzuri, na katikati ya njia limelala tawi ambalo mbuzi wangelila kama wasingefungwa.

Jumatatu alasiri nilipanda. Sikupita juu ya tawi. Nililizunguka, nikaingilia msituni pembeni kama mwizi, fimbo nimeificha ubavuni. Pale Toba nikachoma, nikachomoa. Ncha ilitoka na weupe mkavu uliopukutika kama unga. Nikachoma mara ya pili, ya tatu, sehemu zote nne alizonionyesha. Kavu. Njia ilikuwa inapitika. Nikashuka mpaka penye tawi, majani yake yamekwisha kunyauka, nikasimama juu yake. Kilichotakiwa ni kuinama tu. Sikuinama. Nilirudi nyumbani nikaiweka fimbo nyuma ya mlango, na mtu aliponiuliza nilikuwa wapi nikasema nilikwenda kutafuta kuni.

Sababu ndiyo hii. Nilikuwa nimeomba uhamisho wa kwenda mjini, na nilikuwa nauota usiku na mchana. Nilijua nikiinua tawi lile, jioni ile ile nitakuwa mimi ndiye mtu wa njia. Nitapigwapigwa begani. Nitaambiwa mimi ndiye mlima wenyewe, na barua yangu ya uhamisho itasubiri masika yaishe. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu jinsi kijiji kinavyomweka mtu anayeweza. Nikaogopa. Sikuogopa kwamba mtu ataanguka korongoni. Niliogopa kwamba hataanguka mtu.

Jumanne asubuhi mama mmoja akaja mbele ya kamati na mtoto mgongoni, anachemka kwa homa. "Mwenyekiti, naomba nipite nimpeleke hospitali. Nikianguka, nimeanguka mimi." Mwenyekiti akamwangalia kwa huruma ya kweli kabisa, maana hakuwa mtu mbaya, akasema, "Mwanangu, tawi lipo." Yule mama akageuka akanitazama mimi, sijui kwa nini mimi. Nikatazama karatasi zangu. Alimpeleka kwa bibi mmoja wa dawa za majani, na Mungu ni mwema, mtoto akapona. Lakini wakati ule hatukujua kwamba atapona, na mimi nilinyamaza wakati huohuo ambao hatukujua.

Kamati ikaamua aitwe. Na hapa ndipo wasomaji wangu mtacheka, nami siwazuii. Mrina asali mmoja shujaa alikubali kuvuka kijito, maji shingoni, barua imefungwa kwenye nailoni na kuwekwa juu ya kichwa chake kwa kilemba. Kijiji kizima tulikwenda kumtazama akivuka, wanawake wanaomba dua, yeye anateleza na kuibuka. Tulikuwa tayari kumtosa mtu mzima majini kuliko kuinua tawi la majani. Barua niliiandika mimi. Mwenyekiti alinitajia maneno, nikayanyoosha, yeye akatia saini. Ilikwenda kwa mkuu wa ile bustani ya miche, ikisema kwamba mtu huyu ni nguvu kazi muhimu ya kijiji, ameondoka bila ruhusa, watu wamekwama kwa ajili yake, arudishwe. Neno la kusema kwamba ameniruhusu mimi niinue tawi halikuwamo. Neno kwamba njia imekauka halikuwamo pia.

Alirudi Jumatano, amelowa mpaka kichwani. Hakupita kwake. Alikuja moja kwa moja mpaka chini ya mlima, umati nyuma yake, nami nikamletea fimbo yake. Akapanda, akachoma, akatazama ncha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Aliposhuka alisema taratibu, nikasikia mimi tu, "Kumbe ilishakauka, mwalimu."

"Sikuwa na hakika, kaka," nikamjibu.

Hakunitazama. Aliinama, akaliinua tawi, akalitupa pembeni, na vigelegele vikapigwa. Watu walimkumbatia. "Bila wewe tungefanyaje!" walisema, na mwenyekiti akalisema kwa sauti kubwa kuliko wote. Ile kazi ya bustani alipewa mtu mwingine siku iliyofuata. Mimi uhamisho wangu ulitoka mara tu mvua zilipokwisha. Siku ya kuondoka, nani alinibebea sanduku la bati kichwani mpaka Kisarawe mjini? Yeye. Tulipofika kituo cha basi akaliweka chini, akajipangusa jasho, akaniambia, "Nenda, mwalimu, leo njia ilikuwa nzuri." Nikapanda basi. Nilipokaa dirishani nilijisikia kama mtu aliyetoka shimoni kwa kukanyaga bega la mwenzake, na bado nilifurahi kutoka. Nasema hivyo kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Aliendelea kuwa mtu wa njia miaka kumi na mmoja baada ya hapo. Kiangazi alivuka kwenda Kibaha kukaa na mkewe wiki mbili tatu, mawingu yakianza kukusanyika akarudi. Binti yake aliniambia siku moja kwamba walipokuwa wadogo waliwaambia wenzao shuleni kuwa baba yao ni baba wa kiangazi. Kisha ikachongwa barabara ya kuzunguka mlima kwa chini, malori yakaanza kupita masika na vuli, na ile njia ya Toba ikaota majani. Mwezi huohuo ruhusa ya marehemu ikatoka, na muhuri juu yake. Kijiji kilimruhusu kilipokuwa hakina kazi naye tena. Alipohamia Kibaha, watoto wawili walikwisha kuondoka nyumbani.

Mimi si katika wale wanaoibeza miaka ile. Nilikuwepo, niliona watu waliogawana chumvi ya mwisho kwa kijiko cha chai, niliona shule ikijengwa kwa mikono ya watu wenye njaa. Lakini jambo moja tulilifanya vibaya wakati ule na tunalifanya vibaya mpaka leo, vijijini na maofisini, serikalini na kwa watu binafsi. Mtu akionekana anaweza, tunamfunga pale pale anapowezea. Yuko muuguzi fulani ambaye zahanati nzima inamtegemea, kwa hiyo hapelekwi masomoni. Yuko karani anayejua kila jalada lilipo, kwa hiyo likizo yake huahirishwa. Yuko dada mkubwa anayejua kumuuguza mama, kwa hiyo haolewi. Wote tunawasifu. Tunawasifu sana, na sifa zetu zina kazi yake. Na pembeni ya kila mmoja wao yuko mtu kama mimi, anayeijua kazi ile vizuri tu, ameinamia karatasi zake.

Jumapili nilikwenda Kibaha kuhani. Mjane yuko eda, kwa hiyo nilikaa kwenye mkeka sebuleni na yeye akazungumza nami kutoka chumbani, pazia katikati, binti yake ameketi mlangoni. Sikuiona sura yake. Nilisikia sauti tu, sauti ya mwanamke mzee asiye na haraka. Waliokuja kabla yangu walikuwa wakisema yale yale, kwamba bila marehemu kijiji kisingefika popote, na kila waliposema nilihisi shingo inaungua. Walipoondoka nikashindwa kuendelea kunyamaza. Nikasema, "Shemeji, ile barua ya kumrudisha kutoka bustanini niliiandika mimi. Na tawi lile, alikuwa ameniruhusu niliinue. Nilipanda, nikakuta njia imekauka, nikanyamaza."

"Alijua," akasema.

"Alijuaje, shemeji? Saini ilikuwa ya mwenyekiti."

"Si wewe uliyemfundisha kusoma, kwenye kisomo cha jioni? Herufi zote alizijua kwa mkono wako. Mkuu wa bustani alimpa barua aisome mwenyewe, akaja nayo jikoni kwangu akanisomea, nami nimeshika mwiko. Ilikuwa barua ya kwanza maishani mwake kuisoma mpaka mwisho bila kusaidiwa. Machozi yanamtoka, na huku anaona fahari kwamba anasoma. Alipomaliza akaniambia, 'Huyu ni mwalimu wangu. Anaogopa kubaki. Wacha nirudi mimi, yeye bado kijana.'"

Binti alimtazama mama yake kupitia pazia, kisha akanitazama mimi, nikajua kwamba hata yeye alikuwa analisikia kwa mara ya kwanza. Nililia pale mkekani, mzee mzima, na mjane aliyefiwa ndiye aliyeniambia pole.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu mgema wetu tulimsifu miaka yote na tembo lake halikuingia maji hata siku moja; sisi ndio tuliomwacha juu ya mnazi tukaendelea kunywa. Basi ukimsikia mwenzako anaambiwa kwamba hakuna kama yeye, usipige makofi haraka. Muulize ni lini mara ya mwisho alikwenda anakotaka kwenda, na kama kazi yake unaijua, simama uishike, hata kama itakugharimu zamu yako ya kuondoka. Mimi niliijua, nikaificha, akailipa mtu mwingine kwa miaka kumi na mmoja ya watoto wake, akijua anamlipia nani. Radhi yake alinipa kabla sijaiomba, na hiyo ndiyo inayoniuma kuliko kama angeninyima.